Mhusika: Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na seva mpya imefika leo hii hii, imeviringishwa nailoni kama godoro la bwana harusi. Wapagazi wameiburuta kwenye ujia mzima wa hospitali, wagonjwa wakivuta miguu kuipisha, hadi chumbani kwangu nyuma ya dirisha la dawa. Mimi ndiye fundi wa kompyuta hapa. Hakuna faili la mgonjwa wala cheti cha dawa kisichopita mikononi mwangu, ingawa hakuna anayenijua kwa sura. Mafaili yote yatahamia kwenye hifadhidata mpya kabla mvua haijakolea. Nimefungua daftari hili niandike kazi hiyo hatua kwa hatua. Tuone kama nitaweza kuandika kazi tu.

Jumanne, 4 Machi

Nyaya. Feni imegoma.

Ijumaa, 7 Machi

Hifadhidata haijiendeshi hewani. Ndani ya seva lazima iendeshwe na akaunti fulani, kama gari linavyotaka dereva, na itaruhusiwa kufanya yale tu ambayo akaunti hiyo inaruhusiwa. Ukiipa akaunti kuu, yenye funguo za kila mlango, mwizi akipenya humo amepata nyumba nzima. Ukiipa akaunti ya mfanyakazi, basi siku mfanyakazi huyo akifungiwa akaunti yake, hospitali nayo imefungwa. Kuna akaunti ya tatu, ambayo kila fundi mwenye akili huichagua: isiyo ya mtu. Haina nenosiri, hakuna awezaye kuingia nayo, haimiliki chochote ila mafaili ya hifadhidata. Haiumwi, haiendi likizo, haifukuzwi.

Niliyaeleza haya kwa mkurugenzi wa utawala. Tunamwita Bwana Mhusika, kwa sababu ya swali lake moja: "Mhusika nani?" Birika la chai la ofisini lina jina la mtu. Feni ina jina. Hata ufagio wa chooni umebandikwa karatasi yenye jina la mama mfagizi, na siku mpini ulipovunjika mama wa watu aliitwa kujieleza mbele ya watu watatu waliovaa tai.

"Akaunti isiyo na mtu?" akaniuliza. "Ikiharibu nimwite nani hapa? Upepo?"

"Utaniita mimi, bosi."

"Wewe ndiye utakayeniambia kilichoharibika. Mtu hawezi kuwa shahidi na mshtakiwa. Nitafutie jina la mtu mwingine. Na mtambo ukisimama, jina hilo litokee kwenye skrini zote, wananchi wajue."

Nimetoka nikicheka peke yangu ujiani.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna anayetaka. Mfamasia ameniambia ana shinikizo la damu, daktari wake kamkataza mitambo. Mhasibu ananikimbia tangu juzi. Leo amejifungia chooni hadi nilipopita. Watu wazima hawa.

Jumapili, 16 Machi

Nimeshinda kwa kaka yangu. Mama anaishi kwake, si kwangu. Kwangu kuna vyumba vitatu na mtu mmoja. Kwa kaka kuna vyumba viwili na watu watano, na Mama kachagua huko. Sababu ni wifi yangu.

Wifi yangu ni karani wa masjala pale pale hospitali, dirisha la kwanza ukiingia. Kazi nilimtafutia mimi, kaka aliponibembeleza. Kila mtu anamwita Chiriku kwa jinsi anavyoongea. Hata akaunti yake ya kompyuta niliifungua kwa jina hilo, hakuna aliyekumbuka lile la kwenye cheti. Anaita wagonjwa kwa kuimba. Wazee wanaruka foleni za madirisha mengine waende kwake. Sijui wanapata nini, maana faili ni lile lile.

Leo nilimkuta amepiga magoti anamkata Mama kucha za miguu huku akimsimulia umbea wa hospitali. Mama anacheka hadi anafuta machozi. Nilimsalimia mara mbili ndipo akanisikia. Nikamuuliza liko wapi blanketi nililomletea.

"Lipo kabatini, mwanangu. Lile zuri mno, la wageni," akajibu. Kisha akamshika Chiriku kichwa. "Huyu ningemzaa mimi, nisingezaa tena."

Kaka akacheka. Watoto wakacheka. Chiriku akasema, "Mama jamani, wifi atasikia vibaya," na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba aliliona.

Namwonea kijicho. Nimeandika, basi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemchagua.

Nilikwenda dirishani kwake kumpa habari. "Wifi! Jina langu kwenye mtambo mzima?" akapiga makofi. "Si nitakuwa maarufu!" Wagonjwa waliokuwa karibu wakacheka naye. Halafu, maana si mjinga, akashusha sauti. "Lakini wifi, kwani hakuna akaunti isiyo ya mtu?"

"Kanuni ya hapa kila kitu kina mhusika," nikamwambia.

Ni kweli tupu. Mimi sisemi uongo, sikulelewa hivyo.

Alhamisi, 20 Machi

Mafaili yote yamehamia. Hifadhidata inakwenda chini ya jina la chiriku. Bwana Mhusika amekuja na karatasi yake na gundi, akabandika jina juu ya seva, akarudi nyuma kidogo kulitazama, kama mtu aliyetundika picha ukutani.

Jambo moja la kuweka kumbukumbu. Akaunti za wafanyakazi nilishaziwekea kikomo cha mafaili yanayoweza kufunguliwa kwa wakati mmoja, ili karani mmoja asije akaelemea mashine. Kwa karani kinatosha na kubaki. Kwa hifadhidata, siku za kawaida, kinatosha. Siku ya foleni kubwa hakitatosha. Itagonga ukuta na kusimama. Kukipandisha ni kubadili mstari mmoja.

Nimekiacha.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Bomba la uani limeziba, maji mpaka kizingitini.

Jumatano, 2 Aprili

Homa zimeanza na foleni imefika getini. Kabla ya adhuhuri mtambo umesimama kwa mara ya kwanza. Skrini zote, masjala, maabara, wodini, kwenye dirisha la dawa, zimeandika kwa herufi nyekundu: HUDUMA IMESIMAMA. MHUSIKA: CHIRIKU.

Niliiwasha tena mara moja. Nilipopita masjala nilimkuta anawaambia watu, "Poleni jamani, Chiriku ndiye mimi, lakini sijagusa kitu, naapa!" Walicheka. Bado wanampenda.

Alhamisi, 3 Aprili

Umesimama mara mbili.

Ijumaa, 4 Aprili

Mara mbili tena. Nimemsikia mzee mmoja kwenye benchi akimwambia mwenzake, "Chiriku kalala." Mwenzake hata hakuuliza Chiriku ni nani.

Jumatano, 9 Aprili

Sasa ni msemo. Manesi wanasema, mlinzi wa getini anasema. "Usije leo, Chiriku kalala." Mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni alimwambia Chiriku mwenyewe, bila kujua anaongea na nani, "Huyo Chiriku wenu angekuwa mwanangu ningemlaani." Wifi yangu alimwandikia cheti chake, akampa, akamtakia mtoto afya njema. Hakujitambulisha.

Alikuja chumbani kwangu saa ya chakula. Hajawahi kuja. Alisimama mlangoni ameshika mwavuli unaochuruzika.

"Wifi, kuna kitu nakosea? Niambie nirekebishe. Nifungue kompyuta taratibu? Nisiingie kabisa?"

"Hukosei kitu."

"Sasa mbona unasimama?"

"Watu ni wengi, mashine inaelemewa."

Yote kweli. Aliniambia asante. Alipoondoka niliangalia ule mstari mmoja kwenye skrini, nikala chakula changu. Kilikuwa kitamu, na sioni sababu ya kuficha.

Jumanne, 15 Aprili

Mtoto wake wa mwisho ana homa kali, hivyo ameomba ruhusa. Idara ya utumishi humfungia akaunti yeyote aliye nje ya kazi. Ndiyo kanuni, na Bwana Mhusika ndiye aliyeitunga. Umeme ulipokatika asubuhi, seva ikazimika na kuwaka tena kwa jenereta, lakini hifadhidata ikakataa kabisa kuwaka. Akaunti yake imefungwa, itawakaje?

Na akaunti haifunguliwi mpaka mwenyewe aje atie sahihi. Dereva alitumwa nyumbani. Chiriku akaja na ndala, nguo imelowa hadi magotini, mtoto kamwacha kwa Mama. Akatia sahihi huku amesimama. Bwana Mhusika akamwambia kwa upole kabisa kwamba asiombe tena ruhusa mpaka mvua ziishe.

"Na mwanangu akizidiwa?"

"Hapa si ndiyo hospitali? Mlete."

Mtoto yule ananiita Shangazi na huwa ananichagulia kiti. Nikasema nitakipandisha kikomo kesho. Nimeandika hapa ili nisibadili nia.

Jumatano, 16 Aprili

Mama amenipigia. Nilidhani anataka kunisalimia. "Mwambie mkubwa wenu amhurumie mwanangu, halali," akasema. "Mwanangu" ni Chiriku. Hakuniuliza nimeamkaje.

Sikupandisha kitu.

Jumanne, 22 Aprili

Naandika polepole.

Fundi viatu anayekaa chini ya paa la bati nje ya geti la hospitali kila mtu anamjua. Amenishonea viatu mimi, ameshona vya madaktari. Leo alimleta mkewe, kifua kimembana. Daktari alimwona haraka akamwandikia dawa, wakaenda kukaa benchi la mbele ya dirisha la dawa. Foleni ilikuwa hadi kwenye mvua. Mtambo ukasimama.

Kanuni ya dirisha la dawa: bila faili kwenye skrini, dawa haitoki. Mfamasia hawezi kuivunja, kabati lina jina lake.

Kwa kawaida naiwasha mara moja. Leo sikuiwasha. Nilijua Bwana Mhusika anapita na wageni kutoka makao makuu, nikataka wazione zile herufi nyekundu kwa raha zao, wamsome Chiriku vizuri. Nikaweka maji ya chai. Nilisubiri yachemke, nikasubiri ipoe, nikanywa. Nilipoinuka kuiwasha nikasikia ukelele.

Mkewe alifia benchini, kichwa begani kwa mumewe, watu wakidhani amelala. Fundi viatu hakulia. Alimlaza vizuri, akamfunika miguu na koti lake, akasimama chini ya skrini na kusoma kwa sauti, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akauliza, "Chiriku ni nani?"

Hakuna aliyemtaja, niseme haki. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, kikombe mkononi.

Wifi yangu akatoka nyuma ya dirisha lake. Angeweza kukaa kimya. Angeweza kusema ni jina la mtambo tu, na watu wote wale wangemsaidia kusema hivyo.

"Ni mimi, baba," akasema. "Pole."

Fundi viatu alimtemea mate usoni. Hakumpiga. Watu wakaanza kupiga kelele, wengine wakimshika fundi, wengine, nilisikia vizuri, wakisema ampe na kofi. Mama mmoja alimrushia Chiriku kiatu. Yeye alisimama pale pale, mikono imeshuka, mate yanateremka shavuni, hajayafuta. Akanitazama mimi. Si kwa kunishtaki. Alinitazama kama mtu anayemtazama ndugu yake kati ya umati.

Nikarudi ndani, nikaiwasha, nikaosha kikombe.

Sikujua kuna mtu anakufa. Ningejua ningeiwasha mapema? Sijui, na siandiki nisichokijua.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua siku nzima. Hakuna aliyecheka hospitalini. Masjala kumetulia, majina yanaitwa kwa sauti ya kawaida.

Jumatano, 30 Aprili

Kikao cha nidhamu. Meza ndefu, kila glasi ya maji ina jina la mtu. Chiriku alikaa peke yake upande mmoja, amevaa nguo aliyovaa siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani. Mimi nimeitwa kama mtaalamu.

"Mtambo ulikuwa ukiendeshwa na akaunti ya nani?" Bwana Mhusika akaniuliza.

"Ya chiriku."

"Ulisimama kwa sababu akaunti hiyo ilizidi kikomo chake?"

"Ndiyo."

"Alikuwa ameelezwa kwamba yeye ndiye mhusika?"

"Nilimweleza mwenyewe."

"Akakubali?"

"Alipiga makofi."

Wajumbe wakatikisa vichwa. Hakuna neno langu hata moja lililokuwa la uongo. Nilijikuta najivunia hilo huku nimekaa pale pale.

Kisha wakamuuliza yeye ana la kusema. Sauti yake ilikuwa ndogo hadi wakamwambia arudie. "Naomba mumuulize wifi yangu swali moja tu. Kulikuwa na njia nyingine?"

Nilianza kutafuta jibu la kweli lisilonitia hatiani. Bwana Mhusika akafunga faili. "Hilo halimo kwenye ajenda. Tunazungumzia kilichotokea."

Kazi yake imekwisha. Wamempa hadi jioni arudishe kitambulisho. Alipita mbele yangu ujiani akasema, "Haya, wifi," kama tunavyoagana siku zote.

Jumatatu, 5 Mei

Utumishi wamefuta akaunti yake, na hifadhidata, kama nilivyoandika tangu mwanzo, imekufa nayo. Bwana Mhusika alikuja mbio, tai imekwenda upande. Hajawahi kukanyaga chumbani kwangu mbio.

"Weka jina lolote!"

"Jina la nani, bosi?"

Akafikiri. Wakili wa fundi viatu ameshaandika barua, na barua hiyo inauliza mhusika ni nani hasa, na nani alimteua. Niliona jinsi neno lake mwenyewe lilivyomgeukia mdomoni. "Ile yako," akasema. "Ile isiyo ya mtu. Inawezekana?"

Nikatengeneza akaunti isiyo ya mtu. Haina nenosiri, haina mlango. Nikaikabidhi mafaili yake, nikaipandishia kikomo, nikaiwasha. Chai niliyokuwa nimemimina ilikuwa bado ya moto. Bwana Mhusika alibandua karatasi juu ya seva kwa ukucha. Gundi imebaki na kipande cha herufi.

Ijumaa, 9 Mei

Foleni hadi getini, mtambo haujatingishika. Mkurugenzi mkuu amenitaja kwenye mkutano, watu wamenipigia makofi. Mfamasia amenipa mkono. Nimepewa kiti kipya, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekibandika jina.

Jumapili, 18 Mei

Kaka anahama. Shuleni watoto wake wanaitwa Kalala, wote watatu, na mdogo ameacha kula. Wanakwenda kwa wazazi wa mkewe, mbali, ambako hakuna aliyesikia lolote. Mama ana kliniki yake hapa kila wiki, hawezi kuwafuata. Kwa hiyo Mama anakuja kwangu.

Nimetandika kitanda kwa lile blanketi. Nimefurahi. Nimefurahi hadi naona aibu.

Jumanne, 20 Mei

Mama kafika. Kakaa ukingoni mwa kitanda na begi lake miguuni, hajalifungua.

Jumamosi, 24 Mei

Nilijaribu kumkata kucha. Akarudisha mguu taratibu. "Usijisumbue, mwanangu, una kazi nyingi."

Alhamisi, 29 Mei

Nimempeleka kliniki. Radi imepiga nguzo na mtambo ukazimika kidogo tu, kama kila mashine hapa mjini. Skrini ikaandika: HUDUMA IMESIMAMA. MHUSIKA: HAKUNA. Kabla haijawaka tena, benchi zima likaguna. "Chiriku kalala tena," mtu akasema. Watu wakacheka. Mama alikuwa katikati yao, mkoba mapajani. Hakumwangalia aliyesema. Alitazama skrini hadi herufi zilipoondoka.

Ijumaa, 6 Juni

Mvua ya mwisho, nadhani. Nyepesi. Mama alikuwa dirishani na simu yake, ile ya vibonye vikubwa. Akaniita nikae karibu naye, jambo ambalo hajalifanya tangu alipokuja. Nilikaa haraka kama mtoto.

"Wewe unaijua ile mitambo," akasema. "Mimi sijui kitu. Lakini siku ile nimeona imeandika hakuna. Hakuna mtu. Kwani mwanzoni ilishindikana kuandika hivyo?"

Nikamvutia dirisha, mvua isimpige.

"Nilimuuliza wifi yako. Akasema nikuulize wewe. Kasema wewe hujawahi kumdanganya hata siku moja."

Nilimtazama Mama mikono. Kucha zimekuwa ndefu. Nikafikiri begi lile likifungwa tena, na chumba kile kikibaki na blanketi tupu.

"Ilishindikana, Mama," nikasema. "Haikuwezekana kabisa."

Alipumua, mabega yakashuka. Aliniamini. Akanipapasa goti, kitu nilichokisubiri tangu masika haya yaanze, na labda tangu zamani, kisha akabonyeza simu na kuiweka kwenye spika kwa sababu ya masikio yake.

"Mwanangu, nimeshamuuliza. Kasema haikuwezekana kabisa. Ilikuwa bahati mbaya tu. Yuko hapa ananisikia."

Upande wa pili nilisikia mvua ya huko, kubwa kuliko ya hapa. Yule ambaye hakuwahi kuishiwa maneno akatafuta la kusema.

"Sawa, Mama," akasema. "Msalimie wifi."